KUOTESHA ZINIA KWA MBEGU

Mwaka jana wageni wa mahafali walipoingia langoni mwa shule yetu, waliona upande wa kulia tuta refu la udongo mtupu, na juu yake kijiti chenye kibao kilichoandikwa "Zinia". Kibao hicho ndicho kilichosalia cha mbegu tulizozinunua kwa michango ya wanachama wa Chama cha Bustani. Wako waliocheka, nao walikuwa na haki. Mwalimu msimamizi wa shamba alituambia waziwazi ya kuwa mwaka huu tuta lile lisipochanua litapandwa mchicha, kwa maana mchicha huliwa. Basi haya niyaandikayo hayakutoka kitabuni tu, tumeyalipia.

Asili ya zinia ni nchi ya Mexico, na jua kali haliitishi. Jina lake limetokana na Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyefundisha huko Göttingen elimu ya mwili wa binadamu na ya mimea. Alifariki mwaka 1759 akiwa na umri wa miaka 31, na mwaka uo huo Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, akaupa mmea huu jina lake. Zinia ni jamaa moja na alizeti na pareto, nayo ina tabia ya jamaa hiyo: lile tunaloliita ua moja kwa kweli ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyokaa juu ya kichwa kimoja. Kila jani la rangi unaloliona pembezoni ni ua kamili. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana litatufaa tukifika kwenye mbegu.

Mahali pa kupanda pawe na jua kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Kivuli cha mwembe hakifai, hata kama ni kizuri kwa kusomea. Udongo ulimwe kina cha jembe, uchanganywe na samadi iliyooza sawasawa, na maji yasituame. Samadi mbichi isitiwe, na hata iliyooza isizidishwe, la sivyo utapata majani mengi na maua haba.

Mbegu ya zinia ni bapa, yenye umbo la ncha ya mshale. Kama huna hakika na mbegu zako, chukua kumi, uzikunje ndani ya kitambaa kibichi, uziweke mahali penye joto kwa wiki moja. Zikichipua saba au nane, panda bila hofu. Zikichipua mbili, utakuwa umeokoa kazi ya bure.

Hapana haja ya kitalu. Mizizi ya zinia haipendi kusumbuliwa, kwa hiyo ni bora kupanda papo hapo itakapokaa. Chora mfereji mwembamba usiozidi sentimita 1 kwenda chini, weka mbegu, funika kwa udongo laini, kisha ushindilie kidogo kwa kiganja. Katika joto la kwetu huchomoza baada ya siku nne hadi saba. Hapo ndipo uanze kuamka mapema. Ukikuta mche umekatwa shingoni na kulala chini, fukua udongo karibu yake kwa kidole. Mara nyingi utamkuta sota amejikunja humo, ameshiba.

Lakini si sota aliyetuaibisha mwaka jana. Ni maji, na maji yenyewe tuliyamwaga sisi. Zamu ya kumwagilia ilikuwa jioni baada ya michezo, na kila mwenye zamu alitaka aonekane amefanya kazi. Tukamwaga ndoo kwa ndoo, tena juu ya majani. Katika wiki ya pili miche mingi ilinyong'onyea pale shina linapogusa udongo, ikaanguka. Ugonjwa huo ni kinyausi, nao huletwa na ukungu unaostawi katika udongo uliolowa kupita kiasi. Iliyopona kinyausi hatukuipunguza, kwa kuwa kila mtu aliona huruma kung'oa. Ikasongamana, hewa isipite, ikashikwa na ubwiri unga, yaani ule ukungu mweupe ufananao na unga wa sembe juu ya majani. Kwa majani yaliyolala mabichi usiku kucha yakaja pia madoa ya rangi ya kahawia. Tulipofunga shule ilisalia mimea sita tu.

Tulipata faraja kidogo tuliposoma ya kuwa wakubwa nao walikosea. Mwishoni mwa mwaka 2015 zinia zilioteshwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, zikapatwa na unyevu wa kupita kiasi na kuota ukungu. Mwanaanga Scott Kelly wa Marekani aliomba aachiwe ayatazame mwenyewe na kuamua lini yapewe maji, badala ya kufuata ratiba iliyopangwa duniani. Baadhi ya mimea ilikufa, lakini mwezi wa Januari 2016 ua la rangi ya chungwa lilichanua huko juu. Nasi tukaifuta ratiba yetu. Sasa mwenye zamu huchomeka kidole udongoni asubuhi. Akikuta unyevu huenda zake darasani. Akikuta pakavu, humwagilia shinani, wala si majanini.

Miche ikifikia majani manne au sita, ing'oe mpaka kati ya mmoja na mwingine pawe na sentimita 25 au 30. Usihurumie.

Mmea ukifika urefu wa sentimita 25 hivi, kata kilele juu ya jozi ya tatu ya majani. Jambo hili lilizusha ubishi mkubwa chamani, wengine wakisema ni sawa na kumkata mtoto kichwa. Tukaamua kukata nusu ya tuta na kuiacha nusu. Upande usiokatwa ulitangulia kuchanua kwa siku kama kumi, ua moja moja juu ya shina refu. Upande uliokatwa ulichelewa, lakini kila mmea ulitoa matawi manne au zaidi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga.

Tulipanda wiki ya kwanza ya muhula, mwezi wa Julai, na wiki ya tisa tuta lilikuwa limejaa. Ukitaka kukata maua ya kuweka mezani, shika shina sentimita 20 chini ya ua, ulitikise. Likilegea kama kamba, liache; likisimama imara, kata. Maua yaliyozeeka nayo yaondolewe, ili mmea usipoteze nguvu, isipokuwa yale unayoyataka kwa mbegu.

Hayo yaache mpaka kichwa kikauke na kuwa cha kahawia. Vuta majani ya rangi moja moja: mbegu ya kila moja imeshikamana na kitako chake. Ibonye kwa kucha. Iliyo ngumu ni nzima, iliyo nyepesi kama pumba itupe. Zianikwe kivulini, zitiwe katika bahasha ya karatasi, zisiwekwe katika mfuko wa plastiki zingali na unyevu. Usishangae mbegu za ua jekundu zikikuzalia la waridi, maana nyuki hawachagui rangi.

Mbegu zote za mwaka huu zilitoka kwa ile mimea sita. Siku ya mahafali mwalimu msimamizi wa shamba alisimama mbele ya tuta kwa muda, akakata maua matatu, akaondoka nayo bila kusema neno. Mchicha umepelekwa nyuma ya jiko. Anayetaka mbegu na aje na bahasha yake siku ya Alhamisi baada ya masomo. Tutatoa ishirini kwa kila mtu mpaka zitakapokwisha.