Tarumbeta na Ngoma katika Beni: Uigaji au Ubunifu wa Watu wa Pwani?

Makala haya yanafafanua beni, ngoma iliyounganisha ala za kupuliza na za kupiga katika mwambao wa Afrika Mashariki, Tanga ikiwamo. Beni ilizuka miaka ya 1890 katika miji ya Mombasa na Lamu, ikafuata mfano wa bendi za kijeshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imeenea sehemu nyingi za Tanganyika. Vyama vyake viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, vyeo, gwaride na karamu.

Wapo walioiona beni kuwa uigaji mtupu wa mkoloni. Hata hivyo, Terence Ranger (1975) alionyesha kwamba ushindani huo uliendeleza mashindano ya kale ya mitaa ya Waswahili. Gwaride liliazimwa, lakini nyimbo zilikuwa za Kiswahili, zenye mafumbo na vijembe. Aliyekuwa karani au mtumishi mchana aliweza kuwa jenerali ngomani. Ndiyo maana watawala wa Kiingereza waliitilia shaka.

Hoja hii ina uzito kwa utafiti wa leo. Mtafiti wa muziki wa bendi anayeanzia kumbini na kwenye nota zilizoandikwa ataupita urithi huu bila kuuona. Chumbageni, kama kwingineko mijini, yampasa aanzie barabarani, penye matarumbeta ya harusi.