GARI JIPYA LA MATOPE: JE, SHAMBA LAKO LITAWEZA KULILISHA?

Mvua za masika zinapoanza, mkulima wa Kinangop husimama mlangoni alfajiri na kuitazama barabara. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, maziwa yamo madebeni, lakini pikapu ya kuyachukua imekwama bondeni. Hapo husema moyoni, "Ningekuwa na gari langu mwenyewe, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, saa hii ningekuwa nimefika sokoni."

Wazo hilo si la kuchekwa. Magari ya namna hii yana ukoo wa shamba. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwaka 1948. Aliyeifikiria, Maurice Wilks, alikuwa na shamba lake Anglesey, nchi ya Wales, naye alitaka gari la kufanya kazi za mkulima. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza. Injini yake iliweza hata kuendesha mashine za shamba. Kampuni ya Toyota ya Japani nayo ilianza kutengeneza gari lake la milimani mwaka 1951, ikalipa jina la Land Cruiser mwaka 1954.

Lakini mkulima na ajue kwamba jina halibadiliki ingawa gari limebadilika. Land Rover Defender ya zamani, ile ambayo fundi wa sokoni aliifungua kwa spana chache, iliacha kutengenezwa Januari 2016. Defender mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2019, ni gari jingine kabisa. Haina chesisi kama ya ile ya kwanza, na ndani yake mna kompyuta nyingi. Ni gari lenye nguvu, lakini likiharibika, fundi wa karibu huenda asiwe na vyombo vya kulipima. Kabla ya kununua gari lolote, uliza: nani atalitengeneza, naye yuko umbali gani?

Jambo la pili ni kujua unachonunua. Si kila gari refu lipandalo milima ni la matope. La matope hasa lina gia ndogo za nguvu, zinazoliwezesha kwenda polepole sana bila kuichosha injini, na tumbo lake liko juu ya ardhi. Mengine yana umbo hilo tu, lakini hayana gia hizo. Hata lililo kamili, likiwa na tairi laini za lami, litateleza katika udongo mweusi kama gari lingine lolote.

Sasa tufanye hesabu. Natuchukue mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Tuseme gari jipya ni shilingi 5,000,000. Mkulima ana 2,000,000, na 3,000,000 anakopa kwa riba ya 15 kwa mia. Atalitumia miaka 10, kisha aliuze kwa 2,000,000. Kwa mwezi atakwenda kilomita 800, na gari litakunywa lita 12 kwa kila kilomita 100, kila lita shilingi 180. Gharama za mwaka wa kwanza ni hizi:

Thamani inayopotea: 300,000
Riba: 450,000
Bima: 200,000
Tairi, oili na matengenezo: 120,000
Mafuta: 207,360
Jumla: 1,277,360

Hiyo ni karibu shilingi 3,500 kila siku, Jumapili na sikukuu pia, gari likienda au likilala. Ikiwa lita ya maziwa ni shilingi 45, gari hili linakunywa zaidi ya lita 77 za maziwa kila siku. Ng'ombe saba wa lita 11 kila mmoja watakamuliwa kwa ajili yake peke yake. Na hapo hatujalipa hata senti moja ya deni lenyewe. Tumehesabu riba tu.

Mkulima atasema, "Lakini nikikosa gari napata hasara." Ni kweli, basi hasara hiyo nayo ihesabiwe. Tuseme katika mwaka mzima barabara inamfungia siku 20, na kila siku anamwaga lita 60. Hasara ni shilingi 54,000. Tuseme tena kwamba anakodi pikapu mara mbili kila wiki kwa shilingi 4,000, kupeleka viazi na kuleta mbolea. Hiyo ni 416,000 kwa mwaka. Ukijumlisha yote mawili unapata 470,000. Gari jipya linamgharimu zaidi ya mara mbili na nusu ya shida aliyotaka kuikimbia.

Hatusemi kwamba gari halifai kamwe. Mwenye mizigo mingi kila siku, au anayekusanya maziwa ya majirani kumi, hesabu yake yaweza kuwa nyingine. Lakini mtu huyo na aulize kampuni ya bima kwanza, maana bima ya gari la nyumbani haimlindi anayebeba mizigo ya watu kwa malipo. Tena kuna gari lililotumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari la kawaida lililozidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani wake lazima uwe upande wa kulia. Likiwa limekwisha tumika humu nchini, mlete fundi unayemwamini alitazame chini kabla ya kutoa fedha.

Hatari kubwa kuliko zote haimo katika matope, imo katika karatasi. Wengi hukopa fedha za gari kwa kuweka hati ya shamba rehani. Kumbuka mashamba haya yalikotoka. Kuanzia mwaka 1962, katika mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kugawiwa wananchi, na wazee wetu walipewa ardhi kwa mkopo wa kulipwa kwa miaka 30. Waliuza maziwa, viazi na pareto mpaka deni likaisha. Gari hupungua thamani tangu siku litokapo dukani. Si haki kitu kinachopungua kila mwaka kifungiwe kwa kitu kilicholipiwa kwa jasho la nusu ya maisha ya mtu.

Mama watoto naye asikilizwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba rehani ya nyumba ya mume na mke haishiki bila sahihi ya wote wawili. Mke akiuliza, "Tukishindwa kulipa tutalala wapi?" asiambiwe anaogopa maendeleo. Mkopeshaji akifikia hatua ya kuuza, sheria inamtaka atoe ilani ya siku 40 kabla ya mnada. Siku 40 ni chache kuliko muda wa viazi kukomaa.

Basi fanya hivi. Nunua daftari ndogo, na masika yote andika kila siku: barabara ilipitika au haikupitika, ulimwaga lita ngapi, ulikodi gari kwa shilingi ngapi, na gari lilikwama mahali gani. Mara nyingi utaona kwamba barabara yote ya kilomita sita ni nzuri isipokuwa mita 200 kule bondeni. Wakulima ishirini wakichimba mtaro, wakaweka kalivati na kumwaga marami hapo, kila gari litapita, hata lile bovu la jirani. Barabara hiyo hainywi mafuta wala haina riba.

Mvua zikiisha, keti na mama watoto mwisome daftari pamoja. Likisema nunua, nunua bila hofu. Likisema ngoja, ngoja bila aibu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.