Daftari la Enoch Sontonga

Asubuhi Lukozi, milimani Usambara, Fuso zikipakia kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam, watoto wa shule huwa mistarini wakiimba Mungu Ibariki Afrika. Uliza ni nani aliyeitunga sauti hiyo, na usishangae ukitajiwa Nyerere.

Aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg; pia mhubiri, mwalimu wa kwaya na mpiga picha. Utunzi wenyewe ni wa kanisani hasa: sauti nne, mwendo wa taratibu, besi ikibeba mzigo. Aliandika kwa sol-fa, zile herufi d, r, m ambazo walimu wa kwaya wa Usambara wanaziandika ubaoni mpaka leo. Sol-fa ilitoka Uingereza, wamisionari wakaieneza. Haidai piano wala karatasi ya mistari mitano; chaki inatosha, na sikio.

Nyimbo zake nyingine alizijaza kwenye daftari. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905 kabla ya kulichapisha. Walimu wa kwaya wakawa wanaliazima kwa mjane wake, Diana, azima hii na ile, hadi likapotea. Wimbo huu mmoja ulipona kwa kuwa ulishatoka nje: uliimbwa 1899 mchungaji Boweni alipowekewa mikono, ukaimbwa Bloemfontein 1912 kilipozaliwa chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwandishi Sol Plaatje akaurekodi London 1923. Tanganyika ikauchukua kuwa wimbo wa taifa 1961.

Hata kaburi lilipotea. Waliolitafuta makaburi ya Braamfontein walipekua jina la Sontonga bila mafanikio. Kumbe kwenye kitabu cha mazishi ameandikwa Enoch tu. Mandela alizindua mnara hapo tarehe 24 Septemba 1996, miaka 91 baada ya mazishi. Afadhali kuchelewa, ingawa mnara haurudishi daftari.

Nalisema hili Lukozi kwa sababu Mlalo, jirani tu hapo, Wajerumani walifungua misheni mwaka 1891, na kwaya hazijanyamaza tangu hapo. Nyimbo za Pasaka na Krismasi zinatungwa, zinafundishwa, kisha daftari linarudi kabatini kwa mwalimu, au linaazimwa. Kwaya ina vijana wenye simu za kamera. Mwalimu akikubali, kurasa zote zinapigwa picha mazoezi hayajaanza.