Gari la Fahari na Mahali Lilipoungwa

Kuna hoja isiyokwisha mabarazani, wala haikwishi katika ofisi zinazoagiza magari kwa fedha za umma. Hoja yenyewe ni hii: gari la fahari lenye jina la Kijerumani au la Kijapani, likiwa limeungwa nje ya Ujerumani au Japani, je, ni sawa na lile lililotoka katika kiwanda cha nyumbani? Wengi hujibu upesi kwamba si sawa hata kidogo. Naye muuzaji, akishaijua imani hiyo ya mnunuzi, hupandisha bei na kuapa kwamba gari lake limetoka Ujerumani kwenyewe. Imani yenye gharama kubwa namna hii haifai kuachwa ikae kwa mazoea tu. Yafaa itazamwe kwa ushahidi.

Wanaoishikilia hawakuizua bure. Mwaka 1997 kampuni ya Mercedes-Benz ilianza kuunda gari lake la M-Class katika kiwanda kipya huko Vance, jimbo la Alabama, nchini Marekani. Magari ya mwanzo yalilalamikiwa sana. Vipande vya ndani havikukaana vizuri, plastiki zilionekana hafifu, na hitilafu ndogo ndogo zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa kwa gari la bei ile. Watu wakasema, mnaona, Mmarekani hawezi kazi ya Mjerumani. Lakini kiwanda kile kile, katika nchi ile ile, kilitoa M-Class ya pili mwaka 2005, na walioyajua magari yote mawili walikiri kwamba la pili lilikuwa bora zaidi. Ardhi ya Alabama haikuwa imebadilika. Kilichokuwa kimebadilika ni mchoro wa gari, vifaa na uzoefu wa mafundi.

Na huko nyumbani je? Katika miaka hiyo hiyo magari ya E-Class yaliyoundwa Ujerumani tangu mwaka 1995 yalijulikana kwa kutu. Ililika milango na mabawa, na katika baadhi yake ilivila hata vikalio vya springi za mbele. Sisi tunaoishi katikati ya chumvi tunaelewa vizuri maana ya springi kupoteza kikalio chake barabarani. Kisha mwaka 2005 kampuni hiyo ililazimika kuyaita magari yapatayo milioni 1.3 yarudi kukaguliwa mitambo ya umeme na breki, na mengi miongoni mwake yalikuwa yametoka katika viwanda vya Ujerumani. Hapana aliyesema wakati ule kwamba Mjerumani hawezi kazi ya Mjerumani.

Liko pia jambo ambalo wapenzi wengi wa gari la Kijerumani hawalijui, au hawapendi kulikumbuka. Lile gari la Mercedes la G-Class, lenye umbo la kasha, ambalo wakubwa wa nchi nyingi hulitamani kuliko mengine yote, limekuwa likiundwa Graz, nchini Austria, tangu mwaka 1979. Kwa hesabu ya mabarazani hilo nalo ni gari la ugenini, ingawa hatujapata kumsikia mtu akilidharau.

Lakini tukiwa Waafrika, ushahidi unaotugusa zaidi uko Afrika Kusini. BMW iliingia Rosslyn, karibu na Pretoria, mwaka 1973, na hicho kikawa kiwanda chake cha kwanza nje ya Ujerumani. Kwa miaka mingi magari ya 3 Series yaliyoungwa hapo yalisafirishwa kwenda Marekani na kwingineko. Mwaka 2015 shirika la utafiti la J.D. Power la Marekani, linalohesabu kasoro ambazo wenye magari mapya huziripoti katika siku 90 za mwanzo, lilikipa kiwanda cha Rosslyn tuzo yake ya juu kabisa ya ubora. Viwanda vya Ujerumani, Japani na Marekani vilikuwamo katika mizani hiyo hiyo.

Habari ya East London, yaliko makazi ya Mercedes-Benz nchini humo, ina mafunzo makubwa zaidi. Nelson Mandela alipotoka kifungoni mwezi Februari 1990, wafanyakazi wa kiwanda hicho walitaka kumpa zawadi ya gari. Kampuni ikatoa vipuri, nao wakajitolea kufanya kazi baada ya saa zao bila ya malipo. Gari lenyewe lilikuwa 500 SE jekundu, na wakamkabidhi mwezi Julai mwaka huo katika uwanja wa michezo wa Mdantsane. Katika kiwanda hicho gari la aina hiyo lilizoea kuonekana na kasoro kama 68 lilipofika kwa wakaguzi. Gari la Mandela lilikutwa na kasoro 9, na liliungwa kwa siku nne tu. Leo limewekwa katika Jumba la Makumbusho la Apartheid, Johannesburg.

Tunaomba msomaji alitafakari jambo hilo. Kiwanda ni kile kile, vifaa ni vile vile, na mikono ni ile ile ambayo siku nyingine ilikuwa ikitoa kasoro 68. Mwaka huo huo palitokea kiwandani hapo mgomo uliochukua wiki nyingi, kwani wafanyakazi hawakuwa na mapatano mema na wakubwa wao. Basi aliyetaka kujua kwa nini gari la kawaida lilikuwa na kasoro nyingi, hakuwa na haja ya kuuliza kama fundi ni mweusi au mweupe. Alipaswa kuuliza fundi analipwaje, anatendewaje, na kama anaona kazi ile ni yake.

Hatusemi kwamba viwanda vyote vya ugenini ni sawa. Kuna viwanda vinavyochomelea bodi, kuitumbukiza nzima katika bwawa la dawa ya kuzuia kutu, kuipaka rangi na kuijaribu, kama ifanywavyo Rosslyn na Vance. Kuna na vingine ambavyo hupokea makasha ya vipande na kuvifunga kwa spana, magari machache kwa mwezi. Hivyo vya pili vinategemea sana namna vipande vilivyohifadhiwa safarini na uangalifu wa mkaguzi wa mwisho. Mnunuzi ana haki ya kuuliza gari lake limepita njia ipi.

Kwetu Visiwani liko swali jingine ambalo tunaliona zito zaidi, nalo ni kwamba gari liliundwa kwa ajili ya nani. Gari lililoundwa Japani kwa Wajapani ni gari la nyumbani kweli kweli, lakini aghalabu redio yake haivuki masafa ya 90 au 95, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizisikii. Redio ni jambo dogo. Rejeta, chujio la hewa na springi si mambo madogo, na gari lililopangiwa barabara laini na baridi ya Ulaya halikupangiwa vumbi la shamba. Lile lililoundwa kwa ajili ya nchi za Ghuba, hata likiwa limetoka Marekani, mara nyingi huwa limeongezewa uwezo wa kupoza injini.

Maofisa wa ununuzi wana namna ya kujua ukweli pasipo kutegemea kiapo cha muuzaji. Gari lililokusudiwa nchi za nje huwa na namba ya utambulisho yenye alama 17. Wengi huitazama herufi ya kwanza tu, wakiona W husema Ujerumani. Herufi hiyo humtaja zaidi mwenye jina: magari ya BMW ya Rosslyn na ya Mercedes ya East London yamekwenda Marekani yakiwa na W hiyo hiyo mbele. Kiwanda kwa kawaida huonyeshwa na alama ya kumi na moja, ambayo kwa Rosslyn ni N na kwa East London ni R. Gari lililouzwa Japani kwa Wajapani halina alama 17, bali namba fupi ya chasisi.

Namba ikishasomwa, tunashauri gari lipandishwe juu, na fundi asiyelipwa na muuzaji apite chini yake kwa tochi na nyundo ndogo, akianzia kwenye vikalio vya springi.