Kijiji Kilichofuatwa na Ziwa

Ukitoka Nakuru na kushika njia ya Marigat, utavuka mstari wa Ikweta karibu na Mogotio, na toka hapo nchi inazidi kushuka na joto linazidi kupanda. Kilomita 20 hivi mbele ya Marigat utafika Kampi ya Samaki, ukingoni mwa Ziwa Baringo upande wa magharibi. Ni kijiji kidogo: maduka, mashua, na nyumba za wageni wanaokuja kutazama ndege. Aina za ndege zilizohesabiwa huko zapita 400.

Wenyeji ni Watugen, Wanjemps na Wapokot, pamoja na wengine walioletwa na biashara. Wanjemps, ambao wenyewe hujiita Ilchamus, ni ndugu wa Wamasai kwa lugha na kwa ng'ombe, lakini wao huvua samaki. Mtumbwi wao mdogo ni vijiti vyepesi vya mti uotao majini, vilivyofungwa pamoja. Mvuvi huketi ndani huku maji yakipenya chini, wala hazami, maana mti wenyewe huelea. Huvua perege, kambare na kamongo.

Tena hao walikuwa wakulima hodari kabla ya Serikali yo yote kuwaletea Bwana Shamba. Katika karne ya 19 walichimba mifereji kutoka mtoni, wakanywesha mashamba yao, na nafaka wakaiuzia misafara ya Waswahili iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu. Mradi wa Perkerra, ulioanzishwa mwaka wa 1954 kwa nguvu za mahabusu wa siku za Hali ya Hatari, ulikuja nyuma yao kabisa.

Sasa habari ya maji. Mwaka wa 2010 ziwa lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 128 hivi. Kufikia mwaka wa 2020 lilikuwa limefika 195. Hoteli ya Lake Baringo Club, iliyojulikana tangu zamani, ilizama, na nyingine pia, pamoja na nyumba za watu, malisho na mashamba. Viboko na mamba walikuja na maji hata karibu na milango.

Mkulima asidhani kwamba hasara hiyo ni ya matajiri wenye hoteli tu. Hoteli ikifungwa, mpishi na mfua nguo hurudi nyumbani, mwenye mashua hukaa bila abiria, na yule aliyekuwa akileta maziwa, mayai na mboga jikoni hana wa kumwuzia. Kijiji kidogo kama hiki hakina soko la pili la kukimbilia.

Sababu kubwa ya maji kupanda ni mvua nyingi za miaka hiyo. Lakini iko sababu nyingine, nayo yatuhusu sisi tulio juu. Ziwa Baringo halina mto unaotoka. Maji yake hupenya chini ya miamba, ndiyo maana hayana magadi kama ya Bogoria. Udongo haupenyi. Ukiingia, umeingia. Mwaka wa 1972 kina cha wastani kilikuwa kama mita 8. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa kimepungua hata chini ya mita 3. Sufuria iliyojaa matope nusu hufurika upesi.

Na matope hayo yatoka wapi? Mto Molo huanzia milima ya Mau, ukapita katikati ya mashamba. Mto Perkerra nao hushuka kutoka milimani. Wewe unayelima mteremko kwa kufuata maji, au unayepanda mahindi mpaka mdomoni pa mto, udongo wako mweusi wa juu, ule ulionunulia mbolea, ndio unaoyafanya maji ya Kampi ya Samaki kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Lima kukingama mteremko. Panda majani ya tembo kwenye matuta. Ng'ombe wako watayala. Ukingo wa mto uachie miti na nyasi.

Huko chini watu wamejenga upya mbali kidogo na maji, na wenye mashua wamepata kituo kipya. Wageni wanaopelekwa kutazama ndege huonyeshwa pia mapaa ya majengo yaliyozama, na juu yake wamekaa mnandi wakianika mabawa.