Almasi na Kalamu ya Risasi

Ndani ya kalamu ya risasi hamna risasi. Jina hilo ni masalio ya kosa la zamani la Wazungu, waliodhani kwamba jiwe jeusi na laini lililochimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, lilikuwa namna ya madini ya risasi. Jiwe hilo ni grafiti, na grafiti si kitu ila kaboni. Wanakemia walikwisha kulisahihisha kosa hilo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Lakini lugha haina haraka ya kuifuata maabara, na Kiswahili kikalipokea jina pamoja na kosa lake.

Grafiti hupatikana Merelani, kaskazini mwa Tanzania, katika miamba ileile iliyo na tanzaniti. Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940, ardhi imeficha kaboni ya sura nyingine kabisa. Almasi hukwaruza kila jiwe la asili. Grafiti hukwaruzika kwa ukucha. Almasi hupitisha nuru na kuzuia umeme. Grafiti huzuia nuru na kupitisha umeme. Hata hivyo, mwaka 1797 Smithson Tennant aliunguza almasi mjini London, akapata kaboni dayoksaidi kwa kiasi kilekile kitolewacho na makaa ya uzito huohuo. Kwa mizani ya mwanakemia, kito cha kifalme na kipande cha makaa ni ndugu wa tumbo moja.

Ikiwa atomi ni zilezile, tofauti yatoka wapi? Swali hili ni la fizikia ya maada iliyosongamana, yaani vitu yabisi na vimiminika, ambamo atomi hukaa karibu mno hata tabia ya moja haiwezi kuelezwa bila kuwataja majirani zake.

Jibu halikuweza kupatikana kabla ya mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipoonyesha mjini Munich kwamba miali ya eksirei ikipita katika fuwele hutawanyika kwa mpangilio, na kutoboa siri ya atomi zilivyopangwa. Mwaka uliofuata, William Henry Bragg na mwanawe Lawrence waliichunguza almasi kwa njia hiyo. Waliona kila atomi imezungukwa na majirani wanne kwa umbali wa nanomita 0.154, katika pande zote za nafasi. Mwaka 1924 John Desmond Bernal aliionyesha grafiti kuwa ni karatasi za atomi zilizopangwa kama sega la nyuki. Katika karatasi kila atomi ina majirani watatu, kwa umbali wa nanomita 0.142, lakini kutoka karatasi moja hadi nyingine ni nanomita 0.335, na mvutano wa kati yake ni dhaifu.

Vitabu vingi vya shule hukomea hapo: karatasi huteleza, ndiyo maana grafiti ni laini. Maelezo hayo yana ukweli, ila yana ufa pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, brashi za kaboni katika jenereta za ndege zilizoruka juu sana zililika upesi ajabu. Ikabainika kwamba grafiti huteleza vizuri ikiwa tu mvuke wa maji na gesi nyingine za hewani zimeshika juu ya nyuso zake. Katika hewa nyembamba na kavu, utelezi hutoweka.

Ama kuhusu nuru na umeme, mpangilio wa atomi hautoshi. Hapana budi kuwauliza elektroni. Katika atomi iliyo peke yake, elektroni huwa na ngazi chache za nishati. Atomi nyingi zikikusanyika, ngazi hizo hupanuka zikawa kanda, na baina ya kanda huweza kubaki mwanya ambamo elektroni hairuhusiwi kuwamo. Kila atomi ya kaboni ina elektroni nne za nje. Katika almasi zote nne hufungwa katika viungo vinne na majirani wanne, na ukanda wao hujaa kabisa. Ukanda uliojaa ni mfano wa ukumbi wa sinema ambao kila kiti kina mtu: hakuna awezaye kusogea. Juu yake mna roshani tupu, lakini kuifikia kwahitaji elektroni-volti 5.5. Joto la kawaida la chumbani hutoa kama 0.025 tu, kwa hiyo umeme haupiti. Fotoni za nuru ionekanayo huwa na elektroni-volti 1.7 hadi 3.1, nazo hazitoshi, basi nuru yapita bila kumezwa.

Katika grafiti elektroni tatu hufunga viungo, na ya nne huwa huru kutembea katika karatasi nzima. Ukanda uliojaa na ule mtupu hugusana, hata hupishana kidogo. Mwanya hakuna. Elektroni hupokea nishati ya kiasi chochote, ndogo au kubwa: umeme wapita, nuru yamezwa, na jiwe ni jeusi.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Penseli laini ya alama ya B ichongwe ncha zote mbili, iunganishwe na betri tatu za tochi pamoja na balbu ndogo. Balbu itawaka, japo kwa ufifi, kwa kuwa grafiti ya penseli imechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Penseli ikikatwa nusu, mwanga utaongezeka.

Silikoni imepangwa kama almasi, ila majirani wako mbali zaidi, nanomita 0.235, na mwanya wake ni elektroni-volti 1.1 tu. Fotoni yoyote ya nuru ionekanayo yatosha kuirusha elektroni juu ya mwanya huo. Kwa sababu hiyo silikoni haiangazi kama kioo, na kwa sababu hiyohiyo paneli ya sola huzalisha umeme.

Mwaka 1947 P. R. Wallace alikokotoa kanda za nishati za grafiti, akianza na karatasi moja peke yake ili kurahisisha hesabu. Wengi hawakudhani kwamba karatasi kama hiyo yaweza kudumu ikiwa pweke. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua grafiti kwa utepe wa gundi, tena na tena, hadi wakaipata karatasi yenye unene wa atomi moja, iitwayo grafini. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Yamkini vipande vya grafini vilikuwa vimelala siku zote katika madaftari ya wanafunzi, ndani ya mistari ya kalamu ya risasi.