Dada karudi shule na miaka 45

Una miaka 45. Una leseni, kazi ya kudumu, mume, watoto wawili na gari ambalo deni lake limekwisha. Usiku uko wodini, mchana unalala, mwisho wa mwezi bili zinalipika. Sasa niambie, mpenzi msomaji, mtu wa namna hiyo anatafuta nini darasani?

Hilo ndilo swali ukoo mzima ulimuuliza dada yangu mkubwa mwaka 2021, alipotangaza kwamba anakwenda kusomea magonjwa ya akili. Dada anaishi Houston, Texas. Jina lake silitaji, kaniruhusu kuandika kwa sharti hilo. Mama yetu alikuwa na swali lake peke yake. Alinyamaza kwanza kwenye simu, kisha akasema: "Yaani mwanangu umevuka bahari ukafanye kazi Mirembe?"

Kwa ambao hawakukulia Bongo, Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, na kwa miaka mingi watu wamelitumia jina lake kama tusi. Mtoto akicheka peke yake anatishiwa kupelekwa Mirembe. Kwa hiyo Mama hakuwa anatania. Alikuwa anauliza majirani wataambiwa nini.

Mwaka 2025 nilikwenda Houston nikakaa kwa dada wiki tatu. Mimi ndiye kitinda mimba, amenizidi miaka mingi, na kwetu mkubwa hahojiwi. Safari hii alinikalisha jikoni akaniambia, uliza yote.

Huyu ni nesi au daktari?

Kiswahili hakina jina lililozoeleka kwa cheo chake, kwa hiyo mimi nitamwita muuguzi tabibu. Ni nesi aliyeongeza shahada ya uzamili au zaidi, akapewa ruhusa ya kumpima mgonjwa, kutaja ugonjwa wake na kumwandikia dawa. Hapa nyumbani kazi inayokaribia hiyo tunaiona kwa afisa tabibu, ila yeye si lazima apitie unesi. Marekani jambo hili lilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kwanza, kwa kuwa watoto wengi wa vijijini walikuwa hawamwoni daktari. Kuna madaktari walionuna. Kuna manesi walionuna pia! Bibi Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na wenye cheo alichokianzisha walikuwa wamevuka laki tatu.

Kila mmoja ana tawi lake: familia, watoto, wazee, akili. Aliyesomea familia hawezi kuamka tu siku moja akawa mtu wa akili, anarudi shule kuchukua cheti cha nyongeza.

Dada naye hakufika huko kwa lifti. Alimaliza diploma ya unesi hapa nchini 1999, akaenda Marekani 2006, na miaka mitatu ya mwanzo alibeba boksi kama Wabongo wengine. Boksi lake lilikuwa kuogesha wazee kwenye nyumba za kulelea. Vyeti vyake vilipimwa upya, akafanya mtihani wa Kiingereza, halafu ule mtihani wa leseni unaoitwa NCLEX, na 2009 akaingia wodini kama muuguzi kamili. Shahada ya kwanza aliimalizia kwa intaneti 2017. Angeweza kuishia hapo.

Kilichomtoa ni mwaka 2020. Wagonjwa wa korona walikuwa wanafariki bila ndugu kuruhusiwa kuingia, na nesi wa zamu ndiye aliyeshika simu mbele ya uso wa mgonjwa ili watoto wake waseme kwaheri. Dada alizishika simu hizo usiku mwingi. "Mwili naujua, nimeuhudumia miaka 20," aliniambia. "Lakini yule aliyebaki upande wa pili wa simu, anayelia jikoni kwake peke yake saa tisa za usiku, nilikuwa namkatia simu naenda kitanda kingine."

Pharmacology saa kumi alfajiri

Kozi ilianza Agosti 2021, miaka karibu mitatu. Mimi nilidhani watasoma mambo ya Freud na ndoto. Wapi! Masomo matatu ya mwanzo ambayo kila muuguzi tabibu lazima ayapite ni ya mwili mtupu: jinsi ugonjwa unavyoharibu mwili, jinsi dawa zinavyofanya kazi, na namna ya kumpima mtu kuanzia kichwani hadi unyayoni. Sababu ni ya maana. Tezi ya shingoni ikizembea kazi yake, mtu anachoka, ananenepa, anapoteza hamu ya kila kitu, na ukimwangalia juujuu utasema ana sonona. Damu ikipungua ni hivyo hivyo. Usipojua mwili utamtibu kichwa mtu anayeumwa shingo.

Halafu yakaja mazoezi ya kliniki. Viwango vilivyotolewa 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa chini ya msimamizi (zamani zilikuwa 500), na hapo ndipo kasheshe lilipoanza, kwani vyuo vingi humwachia mwanafunzi amtafute msimamizi mwenyewe. Hebu fikiria mama wa miaka 47 anaandika barua pepe kwa kliniki baada ya kliniki kuomba akubaliwe kukaa kwenye kona akiangalia. Nyingi hazikujibu. Moja ilijibu kwa kumtajia bei. Aliyemkubali mwishoni alikuwa muuguzi tabibu mdogo kwake kwa miaka 14, na dada anasema huyo binti ndiye mwalimu bora aliyewahi kumpata.

Muda wote huo hakuacha kazi. Shifti tatu za usiku kila wiki, saa 12 kila moja, na kitabu cha dawa kikisomwa saa kumi alfajiri wodi ikitulia.

"Mimi nilioa nesi"

Sasa tuje nyumbani, maana humu ndimo mambo yalipotaka kuharibika.

Shemeji ni dereva wa malori makubwa. Wakati ule alikuwa anakwenda hadi California, siku tano au sita nje, na ndiyo safari zilizokuwa na mkwanja. Mwaka wa kwanza wa shule mambo yalikwenda hivi: yeye anarudi Ijumaa, dada anaingia kazini Ijumaa hiyo hiyo jioni, Jumapili dada yuko kwenye laptopu, Jumatatu lori linaondoka. Wakawa wanaachiana maelekezo kwenye friji. Mtoto ana meno. Lipa umeme. Wali uko chini.

"Shemeji, nikwambie ukweli," aliniambia tukiwa kwenye gari lake. "Nilimwambia mimi nilioa nesi, sikuoa mwanafunzi. Nilisema kwa hasira, lakini nilisema."

Dada hakujibu siku ile. Jumapili iliyofuata alizima laptopu, akapika, akamwomba mumewe wakae. Aliweka mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa na deni la shule lilipofikia. Ya pili alikuwa ameandika vitu ambavyo hatavifanya tena hadi amalize: hatapika kila siku, hatakwenda kila harusi na kila kipaimara cha Wabongo wa Houston, hatapokea simu za ndugu wa Tanzania wakati amelala. Akamwuliza: wewe yako ni ipi?

Naomba nikae hapa kidogo, maana nimehoji wanandoa wengi kwa ajili ya gazeti hili na wachache nimewasikia wakifanya hivyo. Tumezoea kuambiana "nivumilie". Kuvumilia hakuna tarehe ya mwisho wala hesabu, na anayevumilia huanza kudai siku ambayo wewe umekwishasahau kwamba unadaiwa. Dada alimpa mumewe tarehe, Mei 2024, na orodha. Shemeji alifikiri wiki nzima, kisha akaacha safari ndefu akachukua kazi ya kusambaza mizigo humo humo mjini, mshahara ukashuka, akawa analala nyumbani. Wali akaujua. Ugali anasema bado unamshinda, na nimeuonja, ni kweli.

Macho ya wodini

Dada alimaliza kwa wakati, akafaulu mtihani wa bodi, na tangu mwisho wa 2024 yuko kwenye kliniki ya afya ya akili. Habari za wagonjwa alinisimulia bila majina, na kayabadili ya kutosha kiasi kwamba hata mwenyewe asingejitambua.

Alikuja fundi wa mapaa anayetumia lithiamu, dawa ya watu ambao moyo wao hupanda juu sana na kushuka sana. Alisema yuko salama, kachoka tu. Dada akamtazama mikono, inatetemeka. Akamwambia tembea, anayumba. Katapika tangu asubuhi. Kumbe amekuwa juu ya mapaa wiki nzima kwenye jua la Houston la Agosti, hanywi maji ya kutosha, na goti lilipouma akajinunulia ibuprofen dukani. Lithiamu ina nafasi nyembamba: ikipungua haisaidii, ikizidi ni sumu. Kukaukiwa maji huipandisha, na ibuprofen huipandisha pia. Alipelekwa hospitali saa ile ile. Dada anasema alichokitumia siku hiyo ni macho ya nesi wa wodi, aliyekwishaona watu wengi wakisema "niko salama".

Mwingine ni mama wa makamo kutoka Kongo, mkimbizi. Texas imepokea Wakongo wengi, na wengi wao wanaongea Kiswahili. Katika faili lake la kliniki nyingine iliandikwa kwamba ana fikra nyingi zinazokimbizana, alama ya kuuliza, huenda moyo wake ni wa kupanda na kushuka. Dada aliposoma alishtuka. Akamsalimia kwa Kiswahili, akamwuliza anasumbuliwa na nini. "Mawazo iko mingi, mama," akajibiwa.

Wewe na mimi tunajua mtu akisema ana mawazo anasema nini. Mkalimani wa kwenye simu alitafsiri neno, akaliacha jambo lenyewe.

Kuna dodoso linalotumika sana, PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama sifuri hadi tatu. Swali la huzuni yule mama alilikataa kabisa. Huzuni kwake ni ya msiba. Alipoulizwa habari ya mawazo, usingizi, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, alijibu yote. Likabaki la tisa, la kutamani kufa. Darasani wanafundishwa kuliuliza waziwazi, na imethibitishwa kwamba kumwuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Lakini unamwulizaje mwanamke wa umri wa mama yako, kwa lugha ya mama yako? Dada alianzia mbali: "Mama, kuna wakati mtu anachoka hadi anamwomba Mungu amchukue. Kwako imefika hapo?" Kisha akauliza moja kwa moja, kwa neno lenyewe.

Yule mama alitazama mlango muda mrefu, halafu akasema ndiyo.

Miadi ilikuwa ya nusu saa. Waliokaa nje walisubiri karibu saa mbili, na wengine walilalamika kwa sauti. Leo mama huyo huja na binti yake kila baada ya wiki mbili.

Kabla hujaomba mkopo

Najua kuna manesi wanaosoma hapa na wamekwishaanza kupiga hesabu, kwa hiyo twende kwenye fedha. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kipato cha kati cha muuguzi aliyesajiliwa kuwa dola 86,070 kwa mwaka, na cha muuguzi tabibu wa matawi yote dola 126,260. Inavutia. Ila dada alikuwa na nyongeza ya usiku na ya saa za ziada, na mwaka wa kwanza kwenye kliniki alipata karibu kile kile alichokuwa akipata wodini. Deni la shule hataki nilitaje. Nasema tu lingenunua gari jipya na chenji ikabaki.

Tena sheria ni za jimbo. Texas muuguzi tabibu haandiki dawa bila mkataba na daktari anayemkabidhi mamlaka hayo, na anayetaka kufungua kliniki yake mara nyingi humlipa daktari huyo kila mwezi. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, akishafanya kazi saa 2,080 chini ya makubaliano na mwenye uzoefu, anasimama mwenyewe. Mtu mwenye miaka 45 aliangalie hilo kabla ya kulipa ada, si baada ya mahafali.

Halafu kuna gharama isiyo na risiti. Zamani dada alirudi nyumbani na visa vya wodini, wakacheka na mumewe hadi watoto wakaamka. Sasa havisimuliki. Shemeji anasema zamani mkewe alirudi amechoka miguu, siku hizi anarudi amechoka masikio, na inabidi amwache nusu saa kwenye gari kabla hajaingia ndani. Watoto wanajua: Mama yuko nje, asiitwe.

Ile karatasi ya pili bado iko kwenye friji, imegeuzwa upande wa nyuma. Safari hii mwandiko ni wa shemeji. Anaanza kozi ya ufundi wa viyoyozi, jioni nne kwa wiki, miezi kumi, na ameorodhesha vitu ambavyo hatavifanya hadi amalize. Cha kwanza ni wali.